Bundi Hataji Jina la Mtu

Ndugu wasikilizaji, na ninyi mnaosoma habari hizi kwenye telefoni kwa sababu mko mbali na masafa yetu, leo sianzi na hali ya barabara wala bei ya mchele sokoni. Ninaanza na koko mmoja anayelala ndani ya darasa la shule ya msingi hapa Kabambare, juu ya mkeka, pamoja na wajukuu wake wawili. Leo ni siku ya tisa. Alikimbia upande wa Salamabila akiwa na sufuria moja na watoto hao. Familia moja ya hapa ikampokea, ikampa chumba cha nyuma, akakaa miezi miwili bila neno na mtu. Sasa ameikimbia nyumba hiyo pia, na safari hii hakufukuzwa na watu wenye bunduki. Amefukuzwa na ndege.

Habari yenyewe ni fupi. Bundi alitua juu ya paa la nyumba hiyo usiku mara mbili, akalia. Siku ya nne mtoto wa jirani, wa mwaka mmoja na miezi miwili, akafa. Mtoto huyo alikuwa na homa tangu Jumapili. Viganja vilipauka, pumzi ikawa ya shida, akafikishwa kwenye kituo cha afya akiwa amechelewa, na damu ya kumwongezea haikuwepo. Muuguzi aliandika kwenye fishi: malaria kali, upungufu wa damu. Nchi yetu ni ya pili duniani, nyuma ya Nigeria, kwa watu wanaouawa na malaria, na wengi wao ni watoto wa umri ule ule. Hakuna kilichofichika hapo.

Lakini kabla ya matanga kuisha, mama mmoja mwenye chumba cha maombi akasema ameonyeshwa. Ameonyeshwa mgeni, mzee, anayefagia kabla ya jua. Ndipo watu wakaanza kukumbuka. Kweli, yule koko anafagia jogoo hajawika. Kweli, macho yake ni mekundu. Kweli, anaongea peke yake jikoni. Jioni vijana wakaja na fimbo na bidoni ya esansi. Shefu wa mtaa aliwatangulia kwa nusu saa tu, akamtoa koko na wajukuu kwa mlango wa nyuma.

Nilikwenda kuongea naye. Nikamwuliza juu ya kufagia. Akaniambia: "Mwanangu, tangu tukimbie sipati usingizi. Usiku wa manane macho yako wazi. Nifanye nini? Nafagia." Nikamwuliza jikoni anaongea na nani. Alinyamaza kwanza, kisha akataja majina matatu. Ni watoto wake. Wawili wamekufa, wa tatu hajulikani aliko. "Ninawaita," akasema, "ili nisisahau sauti ya majina yao." Na macho mekundu? Kila mama anayepika kwa kuni mbichi ndani ya jiko lisilo na dirisha anajua yanatoka wapi. Kule Usukumani, Tanzania, kwa miaka mingi wanawake wazee wameuawa kwa sababu ya macho kama hayo, na macho hayo ni moshi wa chakula walichowapikia haohao wanaowashtaki.

Sasa nina ugomvi, na nitausema waziwazi. Sina ugomvi na bundi. Sina ugomvi na mama aliyefiwa, yeye analia mtoto wake na kilio hakichagui maneno. Nina ugomvi na wale wanaochukua alama na kuigeuza kuwa jina la mtu.

Wengine wataniambia: mwandishi, wewe umesoma, unatucheka. Hapana. Simcheki mtu anayesoma alama, hasa mtu aliyekimbia vita. Mama mwingine wa upande huohuo wa Salamabila alinieleza namna alivyookoka. Asubuhi ile wasukuma baiskeli wa mafuta ya mawese hawakupita. Ni hilo tu. Kila siku wanapita, wanapiga kengele, wanaomba maji ya kunywa. Siku ile barabara ilinyamaza. Hakungoja kuuliza mtu. Alimfunga mdogo mgongoni, akawashika wakubwa mkono, akaingia porini. Risasi zilisikika baadaye, jua likiwa juu. Mama huyu alisoma alama, na aliisoma vizuri kuliko mimi na mikrofoni yangu.

Akili yetu iliumbwa hivyo. Mtu anayetembea usiku kwenye njia ya shamba, akiona kitu kimejikunja mbele yake, anaruka. Mara nyingi ni mzizi. Amepoteza nini? Pumzi kidogo, na wenzake wanamcheka. Yule aliyemwona nyoka akasema huu ni mzizi, hatuko naye tena wa kutusimulia. Sisi tuliobaki ni watoto wa waliokuwa wakiruka.

Na mtu asiniambie kwamba hili ni jambo la watu wa vijijini au la Waafrika. Mwaka 1958 daktari wa magonjwa ya akili wa Ujerumani, Klaus Conrad, aliipa jina hali ya kuona maana na uhusiano mahali ambapo hakuna kitu: apofenia. Yeye aliiona kwa wagonjwa wanaoanza kuchanganyikiwa, lakini leo jina hilo linatumika hata kwa watu wenye akili timamu, kwa sababu imeonekana kwamba sote tunayo. Mwaka 1976 chombo cha Wamarekani, Viking 1, kilipiga picha ya kilima kwenye sayari ya Mirihi, kivuli kikakifanya kilima kifanane na uso wa mtu, na watu waliosoma sana wakaandika vitabu juu ya nani aliyeuchonga. Mwaka 2001 picha iliyo wazi zaidi ikaonyesha kilima.

Mfano unaotugusa zaidi sisi watu wa vita ni wa London. Mwaka 1944 Wajerumani walikuwa wakiurushia mji huo mabomu yanayoruka yenyewe, yaliyoitwa V-1. Mitaa mingine ilipigwa tena na tena, mingine haikuguswa. Watu wakaona mpango. Wengine wakashuku kwamba mitaa iliyopona inakaliwa na wapelelezi wa adui. Vita vilipokwisha, mwaka 1946, Mwingereza aitwaye R. D. Clarke alichukua ramani ya kusini mwa London, akaigawa katika viraba 576 vyenye ukubwa sawa, akahesabu mahali mabomu 537 yalipoangukia. Hesabu ikaonyesha kwamba yalianguka ovyo, kama matone ya kwanza ya mvua kwenye uwanja. Matone nayo yanakusanyika hapa na kuacha pakavu pale, na hatujasikia mtu akisema pale pakavu ni kwa mchawi.

Sasa rudini nami Kabambare. Kijiji kimevamiwa, nyumba kumi zimeungua, moja imebaki. Ndugu zangu, mnalijua swali linalofuata: kwa nini ya kwake imebaki? Labda upepo uligeuka. Labda paa lake ni la mabati. Labda mwenye kiberiti aliitwa na wenzake. Lakini mwenye nyumba hiyo, tangu ile siku, anaitwa rafiki wa watu wa porini. Nimewahoji watu wawili waliohama, si kwa sababu nyumba zao ziliungua, bali kwa sababu hazikuungua. Mmoja wao aliniambia kwamba angejua, angeichoma mwenyewe.

Hapo ndipo mpaka ulipo, kwa maoni yangu. Alama inaweza kukuambia simama, angalia, kimbia, mpeleke mtoto kwa daktari leo usingoje kesho. Hiyo ni kazi yake, na wengi wenu mko hai kwa sababu mliisikiliza. Lakini ukiisikia inasema "ni fulani", ujue sauti imebadilika. Hapo si alama tena inayosema, ni mtu, na mtu huyo naye ana jina, ana ugomvi wake, ana njaa yake. Barabara ilipomnyamazia yule mama, haikumwambia jirani yake ni nani. Ilimwambia aondoke.

Mimi mwenyewe nina deni katika habari hii, na siwezi kuwasema wengine nikajificha. Miaka michache iliyopita wahesabuji wa kampeni ya moskitere walipita nyumba kwa nyumba mtaani kwetu. Kwenye kila mlango waliandika kwa chaki namba ya nyumba na hesabu ya watu. Jioni telefoni yangu haikupumzika. "Yaya mwandishi, kuko alama kwa mlango yetu. Wenye alama ndio watachinjwa usiku." Mwingine akasema nyumba zenye mstari chini ni za wale watakaoachwa. Nilikuwa na dakika kumi kabla ya habari. Ningeweza kutembea mita mia tatu hadi ofisi ya eneo la afya nikauliza. Sikutembea. Niliketi, nikasoma hewani: inasemekana nyumba kadhaa zimetiwa alama na watu wasiojulikana, wakaaji wanaombwa kuwa waangalifu.

Kila neno la sentensi hiyo ni la woga. Inasemekana na nani? Watu wasiojulikana vipi, wakati walivaa fulana za kampeni na wawili kati yao nilisoma nao? Waangalifu juu ya nini? Lakini neno likipita kwenye redio linavaa koti. Aliyekuwa na shaka akasema, hata redio imesema.

Usiku ule familia nyingi zilishika njia ya Luama, mvua ikinyesha. Mama mmoja alijifungua chini ya mwembe. Mtoto ni mzima, anatembea sasa, na mtaani wanamwita Chaki. Baba yake akikutana nami sokoni ananiuliza mbele ya watu kama kuna alama mpya. Ninastahili.

Wagawaji wa moskitere waliporudi siku chache baadaye, milango mingi ilikuwa imefungwa, na waliokimbia wakakosa moskitere zao. Nilipopata habari ya mtoto aliyekufa juzi, mkono wangu ulianza kuandika kwamba nyumba yao ilikuwa mojawapo ya hizo, na kwamba mimi ndiye niliyemwua. Nimeifuta sentensi hiyo. Moskitere ya wakati ule ingekuwa imetoboka sasa, na mtoto alikuwa bado hajazaliwa. Mnaona? Hata mimi ninayeandika dhidi ya jambo hili, ninatafuta uzi wa kushonea.

Waliokimbia chaki siwaiti wajinga, lakini. Wazee wetu walihesabiwa na Wabelgiji, na baada ya hesabu ilikuja kodi, ikaja pamba ya lazima, ikaja fimbo. Kuhesabiwa hapa kwetu hakukuwahi kuwa jambo la bure. Anayekuja kuhesabu bila kueleza, akaandika namba kwenye mlango wa mtu kama kwamba ni kreti ya bia, naye ana sehemu ya kosa. Ninyi wa ONG na wa kampeni mnaosoma hapa, semeni kwanza, andikeni baadaye. Shefu yuko, imamu yuko, padri yuko, na redio iko, hata kama mtangazaji wake alishawahi kuwaangusha.

Maniema yetu inaujua mwisho wa mambo haya. Novemba 1961 ndege mbili zilitua Kindu. Ndani yake walikuwamo Waitaliano 13 wa jeshi la anga, wakifanya kazi ya Umoja wa Mataifa, wakileta vifaa kwa askari wa Umoja huo waliotoka Malaya. Ulikuwa wakati wa vita vya Katanga. Watu walikuwa na hasira na mamluki wa Tshombe, na hasira hiyo ilikuwa na sababu zake. Wanajeshi waliokuwa Kindu wakaona ngozi nyeupe, wakaona sare, wakaona ndege, wakasema hawa ni askari-miavuli wa Kibelgiji. Waliuawa wote 13. Ngozi ilikuwa ya kweli, sare ya kweli, ndege ya kweli. Jina walilopewa ndilo halikuwa la kweli.

Hayo ni ya wazee. Ya juzi ni Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Uchaguzi wa Desemba 2018 ulipoahirishwa Beni na Butembo, na ugonjwa ukatajwa kama sababu, watu wakasema: mmeona, huu ni ugonjwa wa siasa. Magari mapya, wageni wengi, pesa nyingi, alama juu ya alama. Nisiseme uongo, tuhuma ile ilikuwa na mzizi, kwa maana watu walinyimwa kura siku ambayo nchi nzima ilipiga. Lakini tuhuma haiwezi kumfikia mkubwa aliye mbali, basi inatafuta aliye karibu. Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni, aliuawa katika shambulio kwenye hospitali huko Butembo. Novemba mwaka uleule, Papy Mumbere Mahamba, mwandishi wa redio ya jamii huko Lwemba, Ituri, aliyekuwa akiwaeleza watu namna ya kujikinga na Ebola, alivamiwa nyumbani kwake. Walimwua, wakamjeruhi mke wake, wakachoma nyumba. Kazi kama yangu, redio ndogo kama yetu. Sikumjua, lakini kabla ya kufungua mikrofoni ninamkumbuka mara nyingi.

Wanasema pia ninadharau mila. Mila gani? Bundi akilia juu ya nyumba yetu, babu yangu alikuwa akitoka na kijinga cha moto, akamtupia, akamtukana kwa Kibangubangu maneno nisiyoweza kuyaandika hapa, akarudi kulala. Asubuhi hakuna aliyeitwa barazani. Kutaja jina la mtu lilikuwa jambo zito, lilihitaji wazee, lilichukua siku nyingi. Na hata hivyo wazee wale walikosea wakaumiza watu, siwasafishi. Lakini leo jina linatajwa kati ya wimbo na wimbo, na linafika WhatsApp kabla maiti haijazikwa.

Na dini? Hapa Kabambare na Kasongo Waislamu ni wengi, na mashehe wetu wanajua kwamba Mtume Muhammad alikataa watu kutabiri mabaya kwa ndege. Katika hadithi inayojulikana sana amemtaja hata ndege wa usiku ambaye wafafanuzi wengi wanasema ni bundi. Wakristo wafungue Kumbukumbu la Torati, sura ya 18, waone wapiga ramli wamewekwa upande gani. Kwa hiyo anayesimama na Kitabu mkononi akasoma bundi, hakusoma Kitabu.

Tuangalie na bei. Mama wa chumba cha maombi simtaji, maana nisije nikafanya kwake yaleyale ninayoyakataa; shefu ameshamwita, na yeye ana haki ya kujibu. Ninasema tu nilichoambiwa na watu watatu waliolipa. Kuombewa homa ni kipimo kimoja cha mchele. Kufunguliwa kwa mtu aliyelogwa ni mbuzi. Basi homa ina hasara na uchawi una faida. Mkipenda maana zilizofichika, chimbeni hapo.

Tena, angalieni nani anayetajwa. Sijawahi kusikia bundi akimtaja mwenye duka. Hajamtaja mwenye bunduki, hajamtaja mbunge, hajamtaja mtu mwenye kaka sita. Anamtaja mjane, anamtaja yatima, anamtaja aliyefika mwezi uliopita na asiye na mtu wa kusema "huyo ni mama yangu." Kivu ya Kusini, mwaka 2021, katika Kabare, Kalehe na Walungu, wanawake wanaojiita bajakazi, wanaodai kuona yasiyoonekana, waliwanyoshea kidole wanawake wazee, na baadhi ya wazee hao wakapigwa na kuchomwa hadi kufa. Ninyi mliokimbia, mliotazamwa kila mahali mlipofika kwa jicho la "hawa wametuletea nini", mnaijua hesabu hii vizuri. Basi mnisamehe nikisema kwamba kati ya vijana wale wenye bidoni ya esansi walikuwamo na watoto wa wakimbizi. Nimethibitisha. Mtu aliyeitwa mleta balaa jana amepata leo wa kumwita hivyo.

Sheria iko. Katiba yetu, kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inampa anayefanya hivyo kifungo cha mwaka 1 hadi 3 na faini ya franka 200,000 hadi 1,000,000. Ninaitaja kwa sababu mjukuu mkubwa wa koko, msichana wa miaka tisa, ameanza kuitwa na wenzake mwanafunzi wa bibi yake. Wazazi mnaowasikia watoto wenu wakisema hivyo, nyamazisheni leo. Kwa mtu mzima, kanuni ya adhabu, kifungu cha 74, inamwadhibu anayemsingizia mwenzake hadharani jambo la kumvunjia heshima: siku 8 hadi mwaka 1. Na kumchoma mtu ni kuua. Nimeuliza kwenye ofisi moja hapa kama kesi imefunguliwa juu ya vijana wale. Nikajibiwa kwamba wanangoja hali itulie. Hali imetulia kwa nani? Kwa aliye darasani, au kwa wenye bidoni?

Bundi mwenyewe nilimtafuta. Nilikwenda kwenye ile nyumba mchana, mwenye nyumba akanizungusha nyuma. Chumba alichokuwa akilala koko kinapakana na ghala dogo, na ndani ya ghala familia tatu zimeweka karanga na mpunga wao kwa sababu hawana pa kuweka. Magunia yametobolewa chini. Panya wanapita hata mchana. Nje, chini ya ukuta, nilikuta vidonge vyeusi vya manyoya na mifupa midogo: bundi humeza panya mzima, kisha hutapika asichoweza kusaga. Nilivunja kimoja mbele ya mwenye nyumba. Kilikuwa na fuvu la panya, dogo kama ukucha wa kidole gumba, na meno yake.

Baba yule alikitazama muda mrefu. Kisha akasema: "Basi koko arudi?" Mke wake alikuwa anatwanga sombe. Hakujibu, akaendelea kutwanga.

Kuanzia wiki hii, kwenye zamu yangu, neno "inasemekana" halitapita. Mwenye komunike alete na jina lake na mahali alipoona alichokiona, nami nitatembea kwenda kutazama, hata kama ni mita mia tatu. Wenye mabunda ya telefoni wanaonitumia sauti za watu wasiojitambulisha, msisumbuke. Na mtoto wako akiwa na homa, viganja vyake vikipauka, usiku huohuo kituo cha afya kiko wazi. Bundi amelia au hajalia.

Likizo inaisha na masomo yanaanza tena Jumatatu, kwa hiyo mkuu wa shule anahitaji darasa lake. Shefu anatafuta familia nyingine upande wa pili wa soko. Mbili zilikubali. Moja ikapiga telefoni jana kusema hapana. Ya pili bado inafikiri, na mama wa nyumba hiyo alinisimamisha asubuhi hii njiani akaniuliza kama ni kweli koko anafagia usiku. Nikamwambia ndiyo, mama, anafagia, na uwanja wako utakuwa safi kila asubuhi.